Tandiko la kuruka viunzi kwa farasi mwenye mgongo mpana na bapa: dalili, sababu na marekebisho

Wamiliki wengi wa farasi mwenye mgongo mpana huanza kwa kutafuta tandiko lenye upana mkubwa kuliko yote yanayouzwa, na wakishalipata hushangaa kuona kwamba matatizo yamebaki, au yamebadilika sura tu. Sababu ni kwamba upana wa mbele ni kipimo kimoja kati ya vitatu vinavyoamua kama tandiko litakaa. Kipimo cha pili ni umbo la tao la mbele, kwa kuwa tao lenye kilele chembamba na miguu iliyochanuka halilingani na tao la mviringo, hata kama ncha zao zimeachana kwa sentimita zilezile. Cha tatu ni unyoofu wa tandiko kwa urefu, kutoka mbele hadi nyuma. Kwa farasi mpana mwenye mgongo bapa, kipimo hiki cha tatu ndicho kinachosahauliwa zaidi, na kwa maoni yangu ndicho kinacholeta madhara makubwa zaidi anapoanza kufundishwa kuruka.

Hapa Uganda tatizo hili linazidishwa na uchache wa maduka ya vifaa vya farasi. Iwe ni Munyonyo, Jinja au kandokando ya Ziwa Mburo, mara nyingi mtu hutumia tandiko lililokwisha kutumika, alilolipata kwa mpandaji anayeondoka nchini, alilolitoa Nairobi, au aliloliagiza Ulaya au Afrika Kusini bila kuliona. Mengi ya matandiko hayo ya kuruka yaliundwa kwa farasi wa mbio na machotara wake, wenye kilele cha mabega kirefu, ubavu unaoteremka kwa mwinamo mkali na bonde katikati ya mgongo. Farasi wa aina ya kobu, Haflinger, Boerperd mnene au chotara wa kienyeji aliyejaa ana kilele kifupi cha mabega, mbavu zilizotanda kwanza kabla ya kuteremka, na mgongo ulionyooka. Mara nyingi pia mgongo wake ni mfupi, jambo linalopunguza nafasi ya kuweka kiti.

Ili maelezo yafuatayo yaeleweke, ni vyema tukubaliane juu ya sehemu. Fremu ni mifupa ya tandiko iliyofichwa ndani ya ngozi. Mbele ina tao, na tao lina ncha mbili zinazoteremka kila upande wa mabega. Chini ya fremu kuna mito miwili iliyojazwa sufu au sponji, na kati ya mito hiyo kuna mfereji unaopaswa kuuacha uti wa mgongo bila kuguswa. Vikuku, yaani vile vya kukanyagia, huning'inia kwenye vyuma viwili vilivyofungwa sehemu ya mbele ya fremu, na jambo hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mpandaji anapoinuka kutoka kwenye kiti ili amwachie farasi nafasi ya kuruka, uzito wake wote hupita kwenye vikuku na kufika kwenye vyuma hivyo. Kwa hiyo mzigo uliokuwa umetandazwa juu ya mito yote hukusanyika mbele, karibu na ncha za tao. Tandiko ambalo farasi alilivumilia kwa mwaka mzima wa matembezi linaweza kumuumiza ndani ya wiki chache za mazoezi ya viunzi.

Kupima mgongo kabla ya kulaumu tandiko

Msimamishe farasi kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, miguu minne ikiwa mraba na kichwa kikitazama mbele. Tafuta kwa vidole ukingo wa nyuma wa kombe la bega, yaani ule mfupa bapa unaosogea mguu wa mbele ukivutwa. Mwombe saisi (mtunza farasi) auvute mguu huo mbele polepole huku wewe umeweka mkono juu ya kombe, nawe utahisi sehemu ya juu ya mfupa ikirudi nyuma kwa sentimita kadhaa. Ncha za tao zinapaswa kukaa nyuma ya eneo hilo la mwendo, kiasi cha vidole viwili au vitatu nyuma ya kombe linapokuwa limetulia. Bawa la tandiko la kuruka linaweza kufunika bega, kwa sababu ni ngozi laini. Fremu haina ruhusa hiyo.

Chora umbo la mgongo kwa rula inayopindika, ile inayotumiwa na wachoraji ramani. Ukiikosa, waya mnene wa umeme wa shaba wenye gamba la plastiki hufanya kazi hiyo vizuri, mradi uwe mgumu wa kutosha kushika umbo unapouinua. Mchoro wa kwanza uchukuliwe pale ncha za tao zitakapokaa, wa pili sehemu ya chini kabisa ya mgongo, na wa tatu karibu na ubavu wa mwisho. Mchoro wa nne ufuate mgongo kwa urefu, kutoka kwenye kilele cha mabega hadi usawa wa ubavu wa mwisho. Ubavu huo, ambao kwa farasi wengi ni wa kumi na nane, unaupata kwa kuupapasa tumboni karibu na ubavuni pa nyuma na kuufuata kwenda juu hadi kwenye uti. Mito ya tandiko isivuke mstari huo, kwa kuwa nyuma yake kuna kiuno, na kiuno hakina mbavu za kuubeba mzigo.

Hamisha michoro kwenye kadibodi, ikate, uandike tarehe na jina la farasi. Mchoro wa kwanza ukionyesha umbo la U iliyo wazi, na wa nne ukiwa karibu kuwa mstari ulionyooka, basi una farasi tunayemzungumzia hapa. Mchoro wa kwanza ukiwa mpana huku katikati ya mgongo kuna mfereji wa nyama pande zote mbili za uti, na mbavu hazipapasiki hata ukibonyeza, kinachokutatiza ni mafuta. Farasi wa namna hiyo apunguzwe malisho na aongezewe kazi kwa utaratibu kabla ya kununuliwa chochote, kwa sababu mgongo huo utabadilika, na kwa sababu unene wa kiasi hicho unahatarisha kwato zake kuliko tandiko lolote litakavyomhatarisha.

Nyuma ya tandiko inapanda na kushuka

Hii ndiyo dalili inayoonekana mapema zaidi. Katika mchakamchaka, kila mpandaji anapoinuka, sehemu ya nyuma ya tandiko nayo inainuka na kurudi kugonga mgongo. Katika kuruka inaonekana wazi zaidi: farasi anapojikunja juu ya kiunzi nyuma inaachana na mgongo, na anapotua inashuka kwa kishindo. Saisi aliyesimama pembeni ya uwanja ataliona jambo hili kabla ya mpandaji kulihisi, na picha ya video iliyopigwa kwa simu kutoka ubavuni, ikatazamwa polepole, inatosha kuthibitisha.

Sababu zinazowezekana ni nne, na inafaa kuzitenganisha badala ya kukimbilia kuweka pedi.

Ya kwanza ni fremu iliyopinda kuliko mgongo, ambayo hukaa kama mtumbwi uliowekwa sakafuni: inagusa katikati, na ncha zake mbili zinaelea. Liweke tandiko mgongoni bila kitambaa na bila kufunga mkanda wa tumbo. Weka kiganja kimoja juu ya kichwa cha mbele, yaani sehemu ya tandiko iliyoinuka mbele ya kiti, na kingine juu ya kiegemeo cha nyuma, kisha bonyeza kwa zamu. Likiyumba mbele na nyuma kwa urahisi, ingiza vidole chini ya mito, uvisogeze kutoka mbele kwenda nyuma. Utahisi mkazo mkubwa katikati na nafasi tupu kule mwisho. Mzigo wote wa mpandaji unaangukia eneo dogo, nalo litauma. Kasoro hii haitibiki kwa pedi, kwa sababu pedi yenye unene ulio sawa huinua kila kitu pamoja na mpindo unabaki. Fundi stadi anaweza kupunguza sufu katikati na kuiongeza mwisho iwapo tofauti ni ndogo. Tofauti ikizidi kiasi cha kidole kimoja chini ya mito ya nyuma, tandiko hilo ni la farasi mwingine.

Ya pili ni tao la mbele lililo pana mno. Mbele inazama, hivyo nyuma inapanda. Watu husahau kwamba hata farasi mpana anaweza kupewa tandiko pana kupita kiasi, hasa baada ya mmiliki kuogopeshwa kuhusu matandiko membamba. Ili kuitenga sababu hii na ya kwanza, kunja taulo jembamba, uliweke chini ya sehemu ya mbele tu, pande zote mbili kwa unene sawa, ukiacha mfereji wazi, kisha urudie kubonyeza. Nyuma ikitulia, tao ndilo tatizo. Ikiendelea kuyumba, rudi kwenye mpindo wa fremu.

Ya tatu ni mikanda ya kufungia iliyo mbele mno. Tandiko la kuruka huwa na mikanda mitatu yenye matundu kila upande. Ukifunga wa kwanza na wa pili, mvutano wote unakwenda mbele na nyuma inabaki huru. Jaribu wa kwanza na wa tatu, au wa pili na wa tatu, umbo la kifua likiruhusu. Marekebisho haya hayagharimu kitu na mara nyingine humaliza suala zima. Ya nne ni mito ya nyuma yenye kina kikubwa, iliyoinuliwa kuelekea juu kwa ajili ya farasi mwenye bonde mgongoni. Kwa mgongo bapa, mito hiyo hugusa kwa ukingo mwembamba tu. Mito ya nyuma iliyo myembamba na bapa ndiyo inayofaa.

Lipo jambo moja la kuangalia kabla ya kutoa hukumu. Farasi anayefanya kazi vizuri huinua mgongo wake, na juu ya kiunzi huukunja zaidi. Kwa hiyo nafasi ndogo sana chini ya mwisho wa mito farasi akiwa amesimama si kosa. Ni nafasi ambayo mgongo utaijaza akianza kazi. Tandiko lazima lihukumiwe katika mwendo, baada ya farasi kupata joto, wala si kwenye mlango wa banda peke yake.

Kichwa cha mbele kimeinuka na mpandaji anakaa nyuma

Mpandaji analalamika kwamba anaachwa nyuma ya mwendo, miguu yake inakimbilia mbele, na ili akae sawa inambidi ajivute. Ukitazama kutoka pembeni, sehemu ya chini kabisa ya kiti imesogea nyuma badala ya kuwa katikati. Kwa farasi mpana, dalili hii karibu kila mara inamaanisha kwamba tao ni jembamba au lina umbo la V, hivyo halishuki mpaka mahali pake na limebaki limeshikilia misuli kutoka pande mbili.

Kanuni ya vidole vitatu, inayofundishwa kwa kila anayeanza, huwapotosha watu hapa. Inasemekana kwamba vidole viwili au vitatu vikipita kati ya kichwa cha mbele na kilele cha mabega, tandiko linafaa. Kwa farasi mwenye kilele kifupi, vidole vinne au zaidi vinaweza kupita kwa raha huku ncha za tao zikimbana kama koleo, kwa sababu nafasi hiyo imetokana na tandiko kukosa kushuka. Pima mahali pengine: ingiza kiganja kilichonyooka chini ya ncha ya tao kutoka juu kwenda chini. Mkazo unapaswa kuwa ule ule njia nzima. Ukibana chini na kulegea juu, tao ni jembamba. Ukibana juu na kulegea chini, ni pana. Kisha chukua kadibodi uliyokata na uiweke ndani ya tao tandiko likiwa limegeuzwa juu chini, uone mahali inapogusa.

Baadhi ya matandiko yana bamba la mbele linaloweza kubadilishwa. Kwa matandiko ya Wintec na Bates mabamba hayo hutambulishwa kwa rangi: nyeusi ni upana wa kati, nyekundu ni pana, nyeupe ni pana zaidi. Mfumo huu ni wa msaada mkubwa mahali ambapo fundi wa matandiko hapatikani kwa urahisi, lakini lazima ieleweke kwamba bamba hubadilisha upana wa tao pekee. Fremu iliyopinda kwa urefu itabaki imepinda hata ukiweka bamba jeupe. Ndiyo maana watengenezaji wengine, wakiwemo Thorowgood, wana toleo mahsusi kwa kobu, ambalo fremu yake yenyewe imenyooshwa na kutanuliwa.

Kosa la hatari zaidi katika hali hii ni kuongeza pedi nene ili farasi aone raha. Tandiko lililokwisha kubana linabana zaidi. Vilevile, yuko atakayependekeza kulipeleka tandiko Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma jijini Kampala, tao lipashwe moto na kupanuliwa kwa nyundo. Mafundi wa Katwe ni hodari na ninawaheshimu, lakini tao la tandiko hupanuliwa kwa mashine inayovuta pande mbili kwa usawa; likipindwa kwa makisio upande mmoja hutangulia mwingine, nayo misumari inayoshikilia chuma kwenye mbao hulegea bila kuonekana.

Tandiko linabingirikia upande mmoja

Farasi mwenye kifua cha mviringo na kilele kifupi hana kitu cha kulizuia tandiko lisizunguke, na kwa sababu hiyo wapandaji wake hukaza mkanda wa tumbo hadi farasi anashindwa kupumua vizuri. Kukaza huko hakusaidii pale ambapo tandiko limekaa juu juu kwa sababu ya wembamba. Likipata tao sahihi linashuka, linakumbatia ubavu, na mkanda unaweza kulegezwa tundu moja au mawili. Kwa hiyo angalia kwanza wembamba, kisha mfereji: mfereji mwembamba kwa mgongo mpana huifanya mito ikae karibu na uti badala ya kulala juu ya misuli, na msingi unakuwa mdogo. Mfereji wenye nafasi ya vidole vitatu hadi vinne kutoka mbele hadi nyuma ni kiasi cha kuanzia, na kwa farasi hawa mara nyingi vinne ndivyo vinavyofaa.

Likiendelea kwenda upande uleule mmoja, mpandishe mpandaji mwingine mwenye uzito unaokaribiana na wako. Likihamia upande wa pili, sababu ni mkao wa mpandaji au vikuku visivyolingana. Likibaki palepale kwa kila anayepanda, chunguza kama sufu ya upande mmoja imelala kuliko ya mwingine, kisha mwite daktari wa mifugo aitazame miguu ya nyuma. Watafiti Line Greve na Sue Dyson, walipofanya kazi nchini Uingereza, walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwamba kuchechemea kwa mguu wa nyuma husababisha tandiko kuteleza upande, aghalabu upande wa mguu ulioathirika zaidi, na kwamba maumivu yakizimwa kwa sindano ya ganzi tandiko hurudi kukaa katikati. Kuchechemea huko kunaweza kuwa kudogo kiasi cha kutoonekana kwa jicho lisilozoea. Kumbadilishia farasi wa namna hii matandiko ni kumchelewesha kupata matibabu.

Tandiko linasogea mbele hadi juu ya mabega

Kifua kipana mbele ya tumbo pana zaidi huusukuma mkanda wa tumbo kuelekea nyuma ya viwiko, nao huvuta tandiko pamoja nao. Huwezi kubadilisha mahali ambapo mkanda hupenda kukaa. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba mikanda ya kufungia iko nyuma kidogo ya hapo, au kutumia mkanda wa tumbo uliokatwa kwa mpindo, ambao katikati yake huenda mbele huku ncha zake zikibaki nyuma. Tao jembamba pia husukumwa mbele na misuli inayotanuka nyuma ya bega, na tao pana hudondoka mbele, hivyo rudia vipimo vilivyoelezwa juu. Mkanda wa mkiani hutumiwa na wengine katika matembezi ya milimani. Kwa kuruka siupendekezi, kwa sababu farasi anapojikunja unavuta mahali asipotarajia.

Jasho, manyoya meupe na mashimo ya misuli

Baada ya mazoezi ya kutosha kumlowesha farasi jasho, ondoa tandiko na utazame kabla ya saisi kumwagia maji. Joto la hapa husaidia, kwa kuwa jasho halichelewi. Eneo lote la mito linapaswa kulowa kwa usawa, na mstari wa uti ubaki mkavu. Doa kavu katikati ya eneo lililolowa lina maana mbili zinazopingana: ama mgandamizo ni mkubwa kiasi cha kuzuia jasho, ama tandiko haligusi kabisa pale. Tofauti unaipata kwa kutazama manyoya na kupapasa. Penye mgandamizo manyoya yamelala au yamesuguliwa, na farasi huikwepa mikono yako. Pasipoguswa manyoya yametulia na farasi hajali. Doa kavu la ukubwa wa kiganja nyuma ya kila bega, likiambatana na masikio yaliyolazwa nyuma wakati wa kufunga mkanda, ni ushahidi mzito dhidi ya ncha za tao.

Manyoya meupe ni kumbukumbu ya jeraha lililokwisha kutokea ndani ya ngozi, na huenda yalisababishwa na tandiko lililotangulia. Mashimo nyuma ya mabega, pale misuli iliponywea, ni habari ya sasa.

Farasi anakataa viunzi au anaangusha fito

Farasi aliyezoea kuruka akaanza kusimama mbele ya kiunzi, kukimbilia baada ya kutua, kupiga mateke hewani anapotua, au kuangusha fito kwa miguu ya nyuma, anaweza kuwa anaeleza maumivu ya mgongo. Anaweza pia kuwa anaeleza kwato zilizopogolewa vibaya, meno yenye ncha kali, viungo vya nyuma vinavyouma, au mpandaji anayerudi kwenye kiti mapema. Jaribio lifuatalo halitoi jibu kamili, lakini hupunguza maswali: mwachie farasi aruke kiunzi kidogo akiwa huru bila tandiko, kisha akiwa na tandiko bila mpandaji, kisha na mpandaji, siku tofauti na uwanja uleule. Mahali ambapo tabia inabadilika ndipo pa kuanzia. Tabia isipobadilika kati ya hatua hizo tatu, daktari wa mifugo ana nafasi kubwa ya kuupata ukweli kuliko fundi wa matandiko.

Tandiko lililokaa vizuri sasa halikai

Mvua za Machi hadi Mei huleta majani mengi, na farasi mpana huongezeka upana kwa muda mfupi kuliko mmiliki anavyotambua. Ukame ukija anapungua. Sufu nayo hujikusanya na kushindiliwa, hivyo ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na kwa tandiko jipya mapema zaidi. Unyevu wa kandokando ya Ziwa Victoria huleta ukungu kwenye ngozi na kutu kwenye vyuma, kwa hiyo mshono wa mikanda ya kufungia ukaguliwe kila unaposafisha. Mwisho, chunguza kama fremu imevunjika, hasa baada ya farasi kuanguka au kubingiria nalo: shikilia kichwa cha mbele kwenye paja, vuta kiegemeo kuelekea kwako, na usikilize. Kujipinda kidogo kunakorudi ni kawaida kwa fremu zenye chemchemi, yaani vyuma vinavyonepa. Mlio wa kukwaruza, au kujikunja upande mmoja, maana yake ni kwamba tandiko hilo lisipandwe tena.

Wakati wa kutafuta jingine

Muuzaji atakutajia ukubwa wa kiti kwa inchi na neno la upana. Inchi za kiti ni za mpandaji, ingawa kwa farasi mwenye mgongo mfupi kiti cha inchi 18 kinaweza kuvuka ubavu wa mwisho pale ambapo cha 17 hakivuki. Neno la upana halina kipimo cha pamoja kati ya watengenezaji, kwa hiyo lisitegemewe. Omba picha tatu: tandiko likiwa limegeuzwa, ili uone kama mito imenyooka kwa urefu na mfereji haupungui nyuma, tao likipigwa kutoka mbele moja kwa moja, pamoja na rula, na ubavu wa tandiko likiwa juu ya meza, ambapo tandiko linalofaa mgongo bapa litagusa meza kwa sehemu kubwa ya urefu wake. Kati ya mito ya sponji na ya sufu, ningechagua sufu hata kama sponji inaonekana mpya, kwa sababu sufu inaweza kuongezwa na kupunguzwa, na farasi huyu atabadilika.

Farasi aliyekwisha kunywea misuli nyuma ya mabega anahitaji uangalifu wa pekee. Ukimnunulia tandiko linalolingana na mashimo aliyonayo, utamfungia ndani yake, kwa kuwa misuli haiwezi kukua mahali isipopewa nafasi. Apumzishwe bila tandiko hadi asishtuke tena kwa kupapaswa, atembezwe kwa mkono kwenye miinuko, kisha apewe tandiko lenye upana wa mgongo wake wenye afya, na mashimo yajazwe kwa pedi yenye mifuko ya vipande vinavyotolewa. Vipande hivyo vitolewe kimoja kimoja kadiri nyama inavyorudi, kwa jozi, kushoto na kulia, na viunzi visubiri mpaka cha mwisho kiwe kimetoka.